Makala ya Gazetini na Makala ya Mbabula

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lenu nijibu makala mliyoichapisha majuma mawili yaliyopita kuhusu asili ya maneno. Mwandishi wake aliyapanga maneno ya Kiswahili kando ya maneno ya Kifaransa, Lingala na Tshiluba yanayofanana nayo, akaamua kwamba kila jozi ni ndugu wa tumbo moja, kisha mwishoni akawaonya wazazi wa Lubumbashi kwamba makala, mvula na njala ni Kiswahili kilichoharibika, ambacho mtoto asikubaliwe kukiandika. Nilifundisha lugha katika mji huu hadi nilipostaafu, na ninaiheshimu bidii ya mtu yeyote anayeshika kalamu ili aandike juu ya maneno. Hata hivyo sehemu ya kwanza ya hoja yake haina msingi, na sehemu ya pili inawaumiza watoto wetu, kwa hiyo siwezi kunyamaza.

Gazeti hilo tulilisoma nyumbani kwangu Katuba, uani, wakati wa magharibi. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti, nami nikimsahihisha matamshi, huku nkambo wake, yaani mama wa mzazi wake, ameinama mbele ya mbabula, yaani jiko la makaa, akiipepea kwa kipande cha katoni ili maji ya bukari, yaani ugali, yachemke. Mtoto alipofika kwenye kichwa kilichosema "Makala ya Juma", mama huyo aliinua uso akauliza kama bei ya makala imepanda tena, kwa sababu mfuko alioununua mwanzoni mwa mwezi ulikuwa umebaki vumbi tu. Hakuna aliyecheka. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa hapa Lubumbashi makala ni yale mapande meusi ya mti uliochomwa ambayo karibu kila nyumba huyanunua, na mtoto alikuwa ametamka neno lilelile, herufi kwa herufi.

Maneno hayo mawili hayana ukoo wowote. Makala ya gazeti ni neno la Kiarabu lenye maana ya jambo lililosemwa, nalo limetoka katika mzizi uleule uliotupatia kauli. Makala ya mbabula ni neno la Kibantu la kale sana: anayesema Lingala huyaita makala, Waluba wa Kasai, ambao lugha yao ni Tshiluba, huyaita makala, Wanyarwanda huyaita amakara, na watu wa pwani huyaita makaa. Anayetazama sura peke yake atasema kwamba makala ya gazeti na makala ya jikoni ni neno moja, na kwamba makala na makaa ni maneno mawili, na hivyo atakuwa amekosea mara mbili kwa mtazamo mmoja.

Msingi wa elimu hii, Bwana Mhariri, ni kwamba anayetafuta undugu wa maneno huchunguza jinsi yanavyotofautiana kuliko jinsi yanavyofanana. Pwani husema mvua. Wabemba, ambao lugha yao ina athari kubwa katika Kiswahili cha Lubumbashi, husema imfula. Waluba wa Kasai husema nvula. Katika Lingala ni mbula, na katika Kinyarwanda ni imvura. Pwani husema njaa. Wabemba husema insala, Waluba wa Kasai na wasemaji wa Lingala husema nzala, Wanyarwanda husema inzara. Ukiyaweka makaa, makala na amakara katika mstari wa tatu utaona kwamba mahali ambapo lugha za bara zina l, na Kinyarwanda kina r, Kiswahili cha pwani kina pengo: vokali mbili zimebaki zimeegemeana kwa sababu konsonanti iliyokuwa katikati yake imedondoka. Pengo hilo linajirudia neno baada ya neno, mahali palepale, na kujirudia huko ndiko kunakotuhakikishia kwamba mvua na imvura zilikuwa neno moja katika vinywa vya watu walioishi kabla ya lugha hizi kutengana. Sisemi kwamba kila neno la pwani lilipoteza sauti hiyo, maana pwani bado husema kulala, lakini yaliyoipoteza ni mengi mno kuitwa bahati. Kuzaa kwa pwani ni ukufyala kwa Kibemba na kubyara kwa Kinyarwanda, nasi hapa tunasema kuzala. Kufungua kwao ni kufungula kwetu. Hata mbabula yenyewe naiona ikisimama karibu sana na kitenzi cha pwani kubabua, yaani kuunguza juujuu, kikiwa kimerudishiwa l yake.

Kwa uaminifu lazima niongeze kwamba l hiyo haikufika Katanga pamoja na Kiswahili. Kiswahili kilipoletwa huku kutoka mashariki kilikuwa kimekwisha kuipoteza tangu zamani. Walioirudisha ni wafanyakazi wa migodi na wa reli, wake zao na watoto wao, waliokutana katika mji huu ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, wakitoka Kasai, Luapula, Rwanda na vijiji vya karibu, na ambao katika lugha za mama zao njaa na mvua zilikuwa bado na sauti yake ya katikati. Walipolisikia neno njaa walilitambua kuwa ni lao, wakalitamka jinsi walivyolijua tangu utotoni. Mtoto wa Kamalondo au wa Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, anayeandika mvula ameandika neno lenye sauti ambayo bankambo wa pwani nao walikuwa nayo. Linaweza kuwa si Kiswahili bora, na mwalimu ana haki ya kumfundisha kwamba katika mtihani ataandika mvua. Ila kumwambia kwamba neno lake limeoza ni kumwambia jambo lisilo kweli.

Na mtu asiniulize kwa nini basi makala ya gazeti haikugeuka kuwa makaa. Neno hilo lilikuja kutoka Kiarabu na l yake, nayo haikuguswa, kama ilivyokuwa kwa kalamu, salamu na malaika. Kwa njia hiyo sauti moja ndogo inaweza kumwonyesha msomaji ni neno lipi la nyumbani na ni lipi lililokuja na jahazi.

Wazungu nao walijifunza jambo hili kwa lugha zao wenyewe, na walichelewa kulijua. Mwaka 1786, huko Calcutta, India, mtaalamu wa lugha William Jones alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kwa namna ambayo haiwezi kuelezwa isipokuwa kwa chimbuko moja, na mwaka 1822 Jacob Grimm alionyesha kanuni ya sauti inayoziunganisha lugha za jamii ya Kijerumani, Kiflandria kikiwemo, na nyingine za ukoo huo. Wazee wetu waliosoma kwa mapadri Waflandria, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi, waliisikia kanuni hiyo bila kuambiwa jina lake, kwa sababu penye p ya Kifaransa, Mflandria huweka v: père ni vader, pied ni voet, poisson ni vis. Sasa tazama feu ya Kifaransa na vuur ya Kiflandria, zote mbili zikiwa na maana ya moto. Zinakaribiana kwa sikio na zinalingana kwa maana, lakini kanuni yenyewe inazikataa, kwa kuwa feu imetoka katika neno la Kilatini focus, yaani jiko au meko, na vuur ni ndugu wa neno la Kigiriki pyr. Lugha mbili za nchi moja, Ubelgiji, zimekaa jirani kwa karne nyingi, moto wao unafanana kwa jina, na bado hawakuurithi kwa babu mmoja.

Hapo ninafika kwenye neno moto, ambalo mwandishi wenu alilifanya shahidi wake mkuu. Alisema kwamba moto unaowaka, moto inayoendeshwa na manseba, yaani waendesha pikipiki za abiria, barabarani, na moto ya Lingala yenye maana ya mtu, vyote ni neno moja, kwa kuwa injini ina moto ndani yake na mtu aliye hai ana joto mwilini. Maelezo hayo yanapendeza kuyasikia, na naelewa kwa nini yalimvuta. Lakini moto wa Kiswahili unatokana na kitenzi kuota, kama tunavyosema kuota moto asubuhi za baridi za mwezi wa sita. Moto inayobeba abiria ni kifupi cha motocyclette, ambacho kupitia moteur kinarudi hadi kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusogeza. Na moto ya Lingala yenye maana ya mtu ina wingi wake bato, ambao ni watu wetu haohao, kwa kuwa mtu, moto, muntu na umuntu vimetoka shina moja, lile ambalo Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Cape Town katika karne ya 19, alilichukua ili aupe ukoo wetu wa lugha jina la Bantu.

Lingala haina moto moja, Bwana Mhariri. Ina tatu, na masikio ya Kinshasa hayazichanganyi. Mtu hutamkwa kwa sauti ya chini mwanzo na mwisho. Kichwa hutamkwa kwa kupandisha sauti mwishoni. Moto unaowaka una vokali o iliyofunguka zaidi mdomoni, na huo ndio ulio ndugu wa kweli wa moto wetu. Kiswahili kimeacha kutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na tahajia ya kila siku ya Lingala kwa kawaida haiandiki tofauti hizo, kwa hiyo anayelinganisha maneno kwa macho katika karatasi analinganisha vivuli vyake.

Ile moto ya Lingala yenye maana ya kichwa inastahili kutazamwa kidogo. Wabemba na Wanyarwanda husema umutwe. Baadhi ya lahaja za pwani, kama Kimvita cha Mombasa, husema kitwa, na hilo kitwa ndilo lililogeuka kuwa kichwa katika Kiswahili sanifu. Tshiluba husema mutu. Nasi Lubumbashi mutu ni binadamu! Niliwahi kukaa katika chumba cha kungojea cha kituo kimoja cha afya, karibu na mama mmoja mzee aliyekuwa amefika karibuni kutoka Kasai, ambaye alikuwa amejishika paji la uso akirudia neno mutu, mutu, huku muuguzi kijana akimwuliza kwa upole kabisa ni mutu gani amemfanya nini. Mama yule aliendelea kujishika kichwa, na muuguzi akaendelea kuuliza jina la mtu huyo, mpaka jirani yangu aliyekijua Tshiluba aliposimama akawaeleza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alilisikia neno la nyumbani kwake.

Watu wa Kasai waishio nasi wametupatia mifano mingine ambayo mwandishi angeiona kama angetembea mtaa mmoja tu. Mtoto wao akisema tatu anamwita baba yake, wala hahesabu. Kwa kuhesabu ana neno la tatu lenye s mwanzoni, satu, kama misato ya Lingala, na hilo ndilo ndugu wa tatu yetu. Wakisalimiana asubuhi husema "Moyo!", na asiyejua hudhani wanataja kiungo cha mwilini. Huo ni undugu wa kweli, ila maana ndiyo iliyohama: katika Tshiluba neno hilo limebaki upande wa uhai na salamu, Wabemba nao wana umweo kwa uhai, na kwa Kiswahili limeshuka hadi kwenye kiungo kinachodunda kifuani, likachukua nafasi ya mtima, neno la kale ambalo bado linaishi katika umutima wa Kibemba na wa Kinyarwanda na katika motema ya Lingala. Ndugu hawalazimiki kubaki na kazi moja. Hata sisi, bibi tunamwita mke, na pwani bibi ni mama wa mzazi. Sisi nkambo ni mzazi wa mzazi, na pwani mama wa kambo ni mke wa baba asiyekuzaa.

Swali linalobaki ni kwa nini maneno yasiyo na ukoo yafanane kiasi hicho. Jibu naliona katika hesabu nyepesi. Tukikadiria kwamba lugha ina konsonanti 20 na vokali 5, na kwamba silabi yake ni konsonanti moja na vokali moja, silabi zote ni 100, na maneno ya silabi mbili hayawezi kuzidi 10,000. Lugha zetu zinapenda silabi wazi za namna hiyo, na kila lugha inahitaji maelfu ya maneno, kwa hiyo ukizikutanisha lugha mbili katika soko moja maneno yake lazima yatagongana. Katika kaskazini mwa Queensland, Australia, kulikuwa na lugha iitwayo Mbabaram ambayo neno lake la mbwa lilikuwa dog, sawasawa na Kiingereza, na uchunguzi ulionyesha kwamba neno hilo lilikuwa limefupishwa kutoka umbo refu ambalo lugha za jirani bado zinalo, gudaga, bila Mwingereza kuhusika. Maneno ya baba na mama ni jambo la pekee, kwa sababu, kama alivyoeleza mtaalamu wa lugha Roman Jakobson, yanatokana na sauti za kwanza ambazo mdomo wa mtoto mchanga unaziweza, na wazazi kila mahali huzichukua kuwa majina yao. Lakini hata hapo kuna tahadhari, maana Wageorgia humwita baba mama.

Kuhusu sita na saba, ambazo mwandishi alizilinganisha na six na sept, namba hizo ni za Kiarabu, na ukoo wa Kiarabu na ule wa Kifaransa ni koo mbili. Wapo wataalamu wanaofikiri kwamba saba ilikopwa na koo hizo zamani mno, na wapo wanaoona ni mgongano tu. Mimi sioni ushahidi unaotosha kuikata kesi hiyo, na ningependa mwandishi naye asingeikata.

Maneno ya mkopo ni jambo jingine, na hayo nayapenda sana, kwa kuwa ndani yake kuna safari za watu. Meza tunayolia chakula ni mesa ya Wareno, waliofika pwani ya mashariki mwaka 1498, na haihusiani kabisa na kumeza dawa, ambalo ni neno letu la Kibantu. Lingala nayo ina mesa, kutoka kwa Wareno walewale, ambao walikuwa wamefika mdomo wa mto Kongo miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo. Kwa hiyo neno moja la Kireno limeingia katika nchi yetu kwa milango miwili, mmoja wa Bahari ya Hindi na mwingine wa Atlantiki. Shule imeletwa na Wajerumani wa Tanganyika, école imeletwa na Wabelgiji, na zote mbili ni watoto wa schola ya Kilatini, iliyotoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya wakati wa mapumziko. Hapo undugu upo, ingawa kwa macho zinaachana. Mwandishi hakuitaja jozi hiyo, kwa sababu alikuwa akitafuta kufanana peke yake. Vilevile hakuitaja feza, yaani fedha ya Kiswahili bora, ambayo kwa Kiarabu ni ile madini nyeupe, kisha ikawa jina la pesa yote; argent ya Kifaransa ilipita njia hiyohiyo, bila kufanana na fedha kwa sura. Falanga, kwa upande wake, ni franc iliyopewa vokali ili iweze kutamkika kinywani mwetu, na ukivuka kwenda Rwanda utaikuta ni amafaranga, ile l yetu na ile r yao zikiwa zimekutana tena.

Ninarudi kwa mjukuu wangu. Baada ya nkambo wake kuuliza habari ya makala, alikwenda akaleta daftari lake la shule na kunionyesha ukurasa ambao alikuwa ameandika kwamba mvula ilinyesha usiku kucha na asubuhi hapakuwa na makala makavu ya kuwasha. Maneno mvula na makala yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa "si lugha". Nilimweleza habari ya l iliyodondoka pwani, nikamwandikia mvua, mvula, imfula, nvula, mbula na imvura katika mstari mmoja, na yeye mwenyewe, bila kusaidiwa, akaandika chini yake njaa na njala, kisha kuzaa na kuzala, kisha akaniuliza kama kaa na kala nazo zinafuata. Nilimwambia akamwulize nkambo wake jinsi kipande kimoja cha makala kinavyoitwa kijijini kwao.

Ninachokiomba kwenu ni kwamba barua hii ichapishwe katika ukurasa uleule uliobeba makala ile, na kwamba mwandishi wake, ambaye naona ana jicho zuri la kukusanya, aendelee kukusanya, ila safari hii aende Ruashi, Kampemba na Kenya awaulize wazee wa Kisanga, Kiluba na Kibemba wanaitaje mvua, njaa na kichwa, ayaandike majibu kama yalivyotamkwa, sauti ya juu na ya chini, na kuyachapisha pamoja na jina la kila lugha.

Wenu katika kazi ya lugha,

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi